Kadi Iliyojifunza Kuamkia

Siku niliyoiona redio ya upepo imevuliwa mfuniko kwa mara ya kwanza, nilisimama mdomo wazi. Ilikuwa juu ya meza ya karakana yetu pale Kilosa, ng'ambo kidogo ya stesheni, na fundi mkuu alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Nilikuwa nimetoka mafunzoni Dar es Salaam, nimerudishwa nyumbani kuhudumia redio za wilaya, na redio nilizofundishiwa zilikuwa za mtindo wa zamani, ukizifungua unakutana na nyaya zilizosokotana kama matumbo ya kuku. Hii haikuwa hivyo. Ndani yake kulikuwa na vibao vyembamba vya kijani vimesimama wima kwa safu, kila kimoja kimechomekwa kwenye mfereji wake. Nilihakikisha imezimwa, nikakishika kibao kimoja, nikakivuta taratibu, kikatoka chote. Ukingo wake mmoja ulikuwa na meno ya rangi ya dhahabu, yamepangana sawasawa. Nikakirudisha, kikaingia kwa mlio mdogo. Nikawasha redio, ikanguruma kama kawaida.

Vibao vile tuliviita kadi. Kila kadi ilikuwa na kazi yake: moja kupokea, moja kutuma, moja ya sauti, moja ya muda. Ikiharibika, huhangaiki na redio nzima. Unaichomoa, unachomeka nyingine, maisha yanaendelea. Lakini kilichonishika moyo hakikuwa zile kadi. Kilikuwa mfereji wa mwisho, ambao haukuwa na kitu. Ulikuwa umefunikwa kwa kipande cha bati kilichokazwa kwa skrubu, na ndani yake, nilipofungua, zile springi ndogo za kushikia meno zilikuwepo zote, zinang'aa, zinasubiri.

Fundi mkuu aliporudi nikamwuliza, "Fundi, hapa panakaa nini?"

"Hapakai kitu."

"Sasa kwa nini wamepaacha?"

"Waulize wao."

Ndivyo alivyokuwa. Mikono yake ilikuwa mizuri, lakini maneno aliyatoa kwa mgawo, kama sukari ya miaka ile. Nami sikuwa mtu wa kuridhika na jibu la namna hiyo. Niliichukua picha ya ule mfereji kichwani nikaenda nayo nyumbani. Kuna mtu huko kwenye nchi ya baridi, nilijiambia, mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Kilosa, aliyekaa mezani kwake akawaza kwamba siku moja atatokea mwenzake mwenye haja ambayo yeye haijui, akamwachia nafasi. Akampelekea na umeme mpaka pale. Nilistaajabu kuliko nilivyowahi kustaajabu kanisani, na nisamehewe kwa kusema hivyo.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekwisha kuhamishwa. Sisi ni watu wa milimani. Nilizaliwa na kusomeshwa huko juu, kwenye shule ya misheni, ambako mto ukifurika unausikia tu kwa mbali. Ulipokuja mpango wa vijiji vya ujamaa, watu wetu waliteremshwa tambarare, upande wa Masanze, karibu na reli, wakapangiwa viwanja kwa mistari. Shule ikaja, zahanati ikaja, maji ya bomba yakaahidiwa. Mama alipewa kiwanja kwenye mstari wa chini kabisa, ule unaotazamana na mto. Alikuwa mjane, hakuwa na mtu wa kumsemea kwenye ugawaji. Mimi nilisema, tena kwa sauti kubwa, mbele ya mwenyekiti na kamati yake, nikaambiwa kwamba binti aliyesoma hapaswi kuwa wa kwanza kulalamika. Mama mwenyewe alinivuta kanga akaniambia kwa lugha yetu ninyamaze. Alijenga palepale, akapanda migomba, na kila mara nilipomtembelea alinionyesha kwa kidevu kilima chetu kule mbali, kisha akaendelea na kazi yake.

Kila mtu alijua kwamba mto ule hauaminiki. Mvua inanyesha milimani huku tambarare jua linawaka, na maji yanateremka yakiwakuta watu wanaanika mahindi. Kwa hiyo serikali iliweka msoma maji huko juu, kwenye daraja la zamani. Alikuwa mzee mmoja mrefu wa watu wa tambarare, Mwislamu mwenye kanzu safi hata siku ya kazi, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nguzo yenye alama iliyosimamishwa mtoni. Maji yakivuka alama nyekundu, awape habari wa kijijini kwa redio ya upepo. Redio moja ilikuwa kwake, nyingine kwenye ofisi ya kijiji, na ya tatu kwetu Kilosa, ambako tulisikiliza zote. Ilikuwa mipango mizuri. Kitu kimoja tu hakikuwa kimefikiriwa, nacho ni adabu yetu.

Ile kadi ya muda ilikuwa na kazi ya kumkata msemaji. Ukibonyeza kipaza sauti ukasema mfululizo kwa dakika moja, inakunyamazisha, na haikuruhusu kusema tena mpaka ipumzike. Haikuwa ubaya. Njia ya hewani ilikuwa moja na vijiji vingi, na betri zenyewe zilikuwa za gari, zinachajiwa kwa shida. Dakika moja yatosha kusema kwamba maji yanakuja, wewe unasema. Ndiyo, kama wewe ni mtu usiye na wazazi.

Masika ya kwanza maji yalipovuka alama, nilikuwa mezani nimevaa spika za masikioni, nikasikia yote. Karani wa kijiji alipokea akaamkia, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia, "Marahaba." Kisha, akiwa amebonyeza kipaza sauti, akauliza habari za karani, na za mke wa karani aliyekuwa mjamzito, akatoa pole ya msiba wa mwenyekiti, akauliza kama mchwa wameacha mahindi ya shamba la ujamaa, akaomba asalimiwe fulani na fulani. Alikuwa anakaribia. Nilisikia kabisa pumzi ya mtu aliyemaliza salamu na sasa anataka kuingia kwenye habari, akasema, "Sasa, nilichokuitia," na kadi ikamkata.

Kadi ilipompumzisha vya kutosha akarudi hewani, lakini karani alikuwa ameshatoka nje akidhani mzee amemaliza salamu zake za asubuhi. Maji ya siku ile hayakuwa makubwa. Yalichukua mbuzi, yakalaza mahindi, na yakaingia nyumbani kwa mama mpaka magotini yakaondoka na kuku wake wote. Nilimkuta amekaa juu ya kinu, anapanga vyombo. "Kuku tu," alisema. Mimi niliwaka. Nilijua kwamba mto ule utarudi, na utarudi na nguvu, na kwamba nyumba ya kwanza utakayoigonga ni ya mama yangu.

Nilimwomba fundi mkuu aongeze muda wa ile kadi. Akakataa, na alikuwa sahihi, maana vijiji vingine vingekosa njia. Basi nikapanda kwa msoma maji mwenyewe, nikaenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikafika nimechoka na hasira zangu zikiwa bado mbichi. Niliamkia, nikaitikiwa, nikapewa maji ya kunywa na kiti. Nikamwambia, "Mzee, nakuomba. Siku ya maji, acha salamu. Sema maji, basi."

Alinitazama kwa upole uliozidi kuniudhi. "Binti yangu, mtu hajaniamkia, nitamwambiaje habari nzito?"

"Ni hatari, mzee."

"Hasa kwa kuwa ni hatari. Nikipaza sauti tu humu kwenye chuma, nitajuaje kuna mtu upande wa pili? Akiniamkia najua yupo. Habari za watoto nazo zikinitoka, sina jinsi. Mdomo umezoea."

Nilirudi Kilosa nikinung'unika njia nzima. Nilimwita king'ang'anizi, nikamwita majina mengine ambayo sitayaandika. Ili kujisahaulisha nikafungua kitabu cha mafundi kilichokuja na redio, kurasa za nyuma ambazo hakuna aliyezisoma, zile za mfereji mtupu. Palikuwa na mchoro wa meno yote, kila jino limeandikiwa kazi yake. Jino la kwanza umeme, la mwisho ardhi, mengine sauti. Katikati palikuwa na meno mawili ambayo kitabu kilisema ni lazima kila kadi itakayochomekwa iyaheshimu. Kadi ikitaka kupitisha kitu, sharti kwanza itie ishara kwenye jino moja, maana yake: nipo, nina neno. Halafu isubiri. Upande wa pili ukiwa tayari, unatia ishara kwenye jino la pili: nimekusikia, sema. Kabla ya hapo hairuhusiwi kupitisha chochote. Na kitabu kilisisitiza kwamba sheria hiyo ni ya kadi zote, ziwe zimetengenezwa na nani.

Niliisoma tena na tena. Kisha nikaanza kucheka peke yangu karakanani mpaka fundi mkuu akainua uso. Vyuma vile vilikuwa vinaamkiana! Kadi mgeni ikiingia inaamkia, inasubiri kuitikiwa, ndipo inatoa habari. Mzee wa kule juu, ambaye nilikuwa nimemsema vibaya njia nzima, alikuwa anadai kitu kilekile walichokidai wale mabwana wa nchi ya baridi walipokaa kupanga meno yao. Wao waliiweka salamu fupi, basi. Nilihisi kitu kimenipanda mgongoni, baridi na raha kwa pamoja.

Nikaona la kufanya. Nitengeneze kadi ya kuchomeka kwenye ule mfereji mtupu. Mzee akibonyeza kitufe, kadi yake itume mlio. Kadi ya kijijini ikiusikia ule mlio, ipige kengele nje ya ofisi, na isiache kupiga mpaka mtu abonyeze kitufe chekundu na kujibu. Mzee akisikia jibu, anajua mtu yupo, na anasema neno lake. Salamu inabaki, ila inafanywa na kadi.

Transista na vitu vidogovidogo ningevikwangua kutoka kwenye redio zilizokufa. Tatizo lilikuwa meno. Meno ya dhahabu hayatengenezwi Kilosa, na kuagiza kitu nje miaka ile ulikuwa ni kusubiri uzee. Fundi mkuu, bila kuulizwa, akatoa neno lake la siku hiyo: "Ruhembe. Kwenye miwa."

Nikapanda treni ya Kidatu. Mikumi tulisimama muda mrefu, maana tembo walikuwa wameamua kuota jua juu ya reli na hakuna aliyekuwa na haraka ya kubishana nao. Abiria mmoja alichungulia dirishani akasema, "Hawa nao wana kikao?" Watu wakacheka, mimi sikucheka; nilikuwa na mambo yangu kichwani.

Huko kwenye viwanda vya sukari nilimpata fundi umeme mmoja wa rika langu, mchangamfu, aliyeniita "dada fundi" kila baada ya maneno mawili. Alinifungulia sanduku la kadi zilizoungua kwenye mitambo yao. "Chagua, dada fundi, ila zako na zetu hazipatani. Za kwetu zimetoka nchi nyingine kabisa." Alikuwa anasema kweli. Ile nchi iliyotengeneza redio zetu na ile iliyotengeneza mitambo yao zilikuwa hazipikiki chungu kimoja. Kila jioni taarifa ya habari ilisema jinsi zilivyotishiana. Nilitoa mkobani kadi yetu moja, nikaiweka juu ya kadi yao iliyoungua, ukingo kwa ukingo.

Meno yalilingana. Jino kwa jino, nafasi kwa nafasi, toka mwanzo mpaka mwisho.

Yule fundi aliacha utani. Alizichukua akaziinua kwenye mwanga wa mlango, akazigeuza, akaziweka tena. "Waliambiana lini hawa?" aliuliza. Tulisimama pale sisi wawili, kelele za mashine zikitupigia masikio na harufu ya sukari inayopikwa imetuzunguka, tukitazama vipande viwili vya kadi vilivyotoka kwa watu waliochukiana na kukubaliana. Waligombana juu ya kila kitu duniani, lakini waliona kwamba mahali pa kukutania lazima pafanane, la sivyo hakuna atakayemfikia mwenzake. Niliondoka na kadi mbili mbovu zimefungwa kwenye kanga, nimezipakata njia nzima kama mtoto.

Kilosa nilizikata kwa msumeno mwembamba, nikabakiza ukingo wenye meno tu, nikauunganisha na ubao mwingine nilioupanga upya. Mfereji wa redio ulikuwa na kizuizi kidogo mahali fulani, ili mtu asichomeke kadi kinyumenyume. Nikachonga pengo la kukipisha kwa tupa. Nililehemu, nikakosea, nikafumua, nikalehemu tena. Fundi mkuu alikuwa akipita nyuma yangu, anasimama kidogo, anaenda zake. Siku moja niliikuta meza imewekewa chuma chake mwenyewe cha kulehemu, kile kizuri ambacho hakumwazima mtu.

Kadi zilipokuwa tayari, nilianza na ya kijijini. Nilipoichomeka ule mfereji ukaipokea kwa mlio uleule mdogo, nikahisi kama nimejibiwa barua na mtu nisiyemjua. Nilifunga kengele nje ya ofisi na kitufe chekundu mezani, ambacho ukikishikilia kinafungua pia kipaza sauti. Mwenyekiti akaitisha watu akawatangazia kwamba chombo hiki ni mali ya umma, na hakuna atakayekigusa isipokuwa yeye na karani. Nilitaka kusema kitu. Mama, aliyekuwa mstari wa mbele, akanikazia macho, nikameza.

Jioni yake tukiwa tunapika aliniuliza nimefunga nini pale ofisini kinacholia kama shule. Nilitafuta namna ya kumwambia mtu ambaye hajawahi kushika hata tochi bila kuilaumu. Mwisho nikasema, "Mama, ile kengele ni shikamoo. Redio ya juu inaamkia. Ukibonyeza kile chekundu, ndiyo marahaba."

"Ikiitikiwa inanyamaza?"

"Inanyamaza, halafu inasema shida yake."

Alikoroga mboga kwanza. "Basi ina adabu kuliko wewe," alisema.

Kwa msoma maji mambo hayakuwa rahisi hivyo. Alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mimi, na mvi hizi, nibonyeze hapa nimwamkie yule karani? Huyo nilimwona akizaliwa!" Nilikuwa nimefikiria umeme, meno, betri na mvua, hilo sikulifikiria. Nikawaza haraka. "Hapana, mzee. Si wewe unayeamkia. Ni hii kadi. Imezaliwa mwezi huu, ni mtoto kwa kila mtu." Alikipapasa kitufe kwa kidole. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanzu. "Mtoto sawa," alisema. "Mtoto aamkie."

Masika yaliyofuata, siku moja ya jua kali pale mjini, nilikuwa nimevaa spika za masikioni niliposikia mlio wa kadi yangu. Nilisubiri jibu la kijijini. Mlio ukarudi, hakuna jibu. Ukarudi tena, na tena.

Nikabonyeza kipaza sauti. "Mzee, shikamoo, kuna nini?"

"Marahaba. Binti, maji haya sijawahi kuyaona. Nguzo imeondoka."

Nguzo yenyewe ilikuwa imeondoka. Nikamwambia, "Sema nao, mzee! Sema tu!"

"Nimwambie nani? Hakuna aliyeitikia."

Na hapo hakuwa king'ang'anizi, alikuwa na haki. Spika ya redio ya kijijini ilikuwa ndogo, isingesikika nje ya chumba, na chumba kilikuwa kitupu. Ilikuwa siku ya shamba la ujamaa. Mwenyekiti, karani na kila mwenye nguvu walikuwa shambani, mbali na kengele. Waliobaki kijijini walikuwa wagonjwa, wazee na watoto, na nilijua sawasawa walichokuwa wakifanya. Walikuwa wamekaa milangoni wanasikiliza kengele inalia, wakisubiri wenye ruhusa waje. Mali ya umma haiguswi. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, mguu ulikuwa umemvimba wiki ile, yuko kwenye mstari wa chini.

Mlio ukaendelea kuita. Fundi mkuu alikuwa ameacha kazi yake, amesimama kando yangu. Nilijikuta nasema kwa sauti, "Itikieni. Jamani, itikieni."

Kisha jibu likaja. Kwanza mlio mzito wa kitufe chekundu, halafu mkwaruzo, halafu sauti ya mwanamke anayehema.

"Marahaba! Marahaba, mwanangu, marahaba."

Nilishika meza kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti ya mama yangu, imo ndani ya masikio yangu, imetoka tambarare, ikapita kwenye vipande vya redio zilizokufa na meno niliyoyaleta Ruhembe nimeyapakata. Alikuwa amekikandamiza kitufe wala hakiachii. "Hujambo? Mbona unalia hivyo, hakuna watu huku, wameenda shamba. Wa kwenu hawajambo? Mimi ni mguu tu unanisumbua, lakini nimekuja, nimekuja." Aliendelea, na kadiri alivyoshikilia kitufe mzee hakuweza kupenyeza neno. Nilimpigia kelele aachie, kelele za bure, asingeweza kunisikia. Alikuwa anauliza habari za mvua wakati kadi ya muda, ile niliyoilaani mwaka mzima, ilipomkata. Niliipenda kadi ile kuliko kitu chochote duniani.

Kukawa kimya, na katika kimya kile sauti ya mzee ikaingia, imetulia, haina salamu hata moja. "Mama, maji makubwa yanakuja. Watu wote wapande tuta la reli. Sasa hivi."

Hakuna jibu lililorudi. Kadi ya muda ya kijijini ilikuwa inapumzika, nasi hatukuweza kujua kama mama amesikia.

Fundi mkuu alikuwa ameshatoka mbio kwenda stesheni. Mafundi wa reli walitupa nafasi kwenye kiberenge chao, tukashuka na reli. Sikumbuki kitu kuhusu safari ile isipokuwa maji, ambayo yalianza kuonekana upande wa kushoto mahali ambapo hapakuwa na maji, ya rangi ya udongo, yakizunguka miti ya watu. Halafu nikaona tuta la reli mbele yetu, na juu yake rangi. Kanga, mashuka, ndoo, mbuzi, watoto. Kijiji kizima kimejipanga juu ya reli, wengine bado wana majembe ya shambani mikononi. Waliniambia baadaye kwamba walisikia yowe la mwanamke mmoja, yowe la kule kwetu milimani linaloitana kilima hadi kilima, ambalo tangu wateremshwe hakuna aliyekuwa amelipiga. Waliacha mistari ya shamba wakalikimbilia hadi kwenye tuta. Mstari wa chini haukuwepo tena.

Nilimwona amekaa juu ya chuma cha reli, mguu ameunyoosha. Nilikimbia juu ya mawe nikianguka na kuinuka. "Mama! Uko mzima? Mama!"

Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Siku hizi huamkii?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, na ilikuwa sauti ileile, haina mkwaruzo.

Nikapiga magoti pale kwenye mawe nikalia bila haya mbele ya mwenyekiti na kamati yake yote. Mwenyekiti mwenyewe alikuja akasimama karibu, hakujua aanzie wapi, mwisho akauliza kwa upole ni nani aliyemruhusu mama kugusa kile chombo. Mama hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akaniweka mkono kichwani kama nilipokuwa mdogo.

"Uliniambia ile ni shikamoo," alisema. "Inaamkia, inaamkia, watu wote wamekaa wanaitazama. Mtoto wa watu ataachwaje hivyo?"

Kisha akaniuliza kama nimekula.